Faili limegoma kufunguka? Dalili za zip, rar na 7z zilizoumia, na jinsi ya kuchagua fomati isiyokuangusha

Hapa Mwanza mafaili yanasafiri sana. Video za harusi zinatoka kwa mpiga picha Kirumba zinaenda kwa edita Buzuruga kwenye flashi, rekodi za mwalo wa samaki zinatumwa kutoka Ukerewe kwa bando la simu, mwanafunzi wa Malimbe anamtumia msimamizi wake data ya utafiti, na karibu zote zinafungwa kwenye zip au rar ili ziwe kitu kimoja. Siku ya kufungua ndo matatizo yanajitokeza, na swali linalokuja haraka ni "programu gani inafungua kila kitu?". Mi naona swali hilo linaacha jambo kubwa nje. Fomati ya kutegemea ni ile ambayo anayepokea ataifungua bila kuhangaika, na ambayo ikiumia sehemu moja bado zile nyingine unaziokoa. Habari ya kwamba faili limekuwa dogo kiasi gani inakuja nyuma sana, na nitaeleza kwanini tukiwa tunapita kwenye dalili.

Kabla hujagusa chochote

Kopi hilo faili lililogoma, halafu hiyo kopi ndo uihangaikie. Usiiruhusu programu yoyote ya kurekebisha iandike juu ya faili lako pekee. Kama bado liko kwenye memori kadi au flashi unayoitilia mashaka basi usiandike kitu kingine humo, hata picha moja. Mpigie aliyekutumia umwombe asifute chanzo, na umuulize faili lake lina baiti ngapi, siyo MB ngapi, maana MB zinakadiriwa na tofauti ndogo haionekani. Kwenye Windows bonyeza kulia, nenda Properties, soma ile namba ndefu. Simu ya dakika moja kama hiyo imeshaokoa kazi nyingi kuliko programu yoyote ya kulipia ninayoijua.

"Cannot open file as archive" au "unknown format or damaged"

Cheki saizi kwanza. Ulitegemea MB mia mbili ukapata KB thelathini? Hapo hujapakua faili, umepakua ukurasa wa wavuti. Inatokea sana ukitumia waifai ya hoteli au ya chuo ile inayotaka uingie kwanza kwa akaunti, au linki ikiwa imeisha muda wake, seva inakurudishia ukurasa wa kusema "ingia kwanza" na brauza yako inausevu kwa jina lile lile la .zip, wewe unaona zip kumbe ndani hamna zip.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi, fungua hiyo kopi kwa Notepad (kama faili ni dogo, usijaribu na la GB tano) na utazame herufi za mwanzo kabisa. Zip ya kawaida inaanza na PK, ambazo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeileta fomati hiyo mwaka 1989 kupitia kampuni yake PKWARE. Rar inaanza na Rar! na alama yake ya mshangao, na 7z inaanza na 7z. Ukiona <!DOCTYPE html basi ni ukurasa, ingia kwenye mtandao vizuri upakue upya, hakuna cha kurekebisha.

Ukikuta mwanzo ni PK ila jina linaishia na .rar, maana yake kuna mtu alibadilisha jina tu akidhani amebadilisha fomati. Jina halibadilishi kilichomo. Programu za 7-Zip na WinRAR zinachungulia ndani zenyewe kwa hiyo mara nyingi zitalifungua, ila apu za simu nyingi zinaamini jina na zitakukatalia. Rudisha jina sahihi.

Kuna na hii ya wanafunzi inayosumbua kweli kweli: umepakua docx au pptx kwenye simu, imekuja na mkia wa .zip, ukiifungua unakuta mafolda ya ajabu ajabu. Haijaharibika. Tangu Office ya 2007 mafaili ya docx, xlsx na pptx kwa ndani ni zip, na simu imeitambua kama zip ikaiita hivo. Badilisha jina urudishe .docx, imeisha. Na ukijua hilo una njia ya uokoaji pia: ripoti ya Word ikigoma kufunguka, chukua kopi yake, iite .zip, ifungue kwa 7-Zip, ingia folda ya word halafu media, picha zako zote zimo, na maandishi yako yamo kwenye document.xml. Utatoa kazi yako hata kama mpangilio umepotea.

"Unexpected end of archive" au "Unexpected end of data"

Mkia haupo. Bando limeisha katikati, upakuaji ulikatika, flashi ilichomolewa wakati kompyuta bado inaandika, au umeme ulikatika mashine ya mezani ikiwa inafunga. Linganisha baiti na za aliyekutumia, zako zikiwa pungufu umepata jibu, pakua tena na safari hii tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipoishia.

Sasa kama chanzo kimeshafutwa na unachobakiwa nacho ni hicho kipande, hapa ndo fomati zinatofautiana na ndo sababu mojawapo kubwa ya mimi kumshauri mtu achague ipi. Zip inaweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa mwa faili. Mkia ukikatika Windows inakwambia folda ni batili, unaweza kudhani umepoteza vyote kumbe sehemu kubwa ya data ipo. Uzuri wa zip ni kwamba kila faili lililomo ndani lina kichwa chake kidogo mbele yake, yaani maelezo mafupi kama jina lake, kwa hiyo programu inaweza kupita kichwa kwa kichwa ikajenga orodha upya. Jaribu kufungua kwa 7-Zip, ikigoma tumia WinRAR ubonyeze Alt na R ambayo ni Repair, na ukiwa kwenye Linux kuna amri hii: zip -FF mbovu.zip --out mpya.zip. Rar nayo ina vichwa vya kila faili, unatoa mpaka pale palipokatika. Ila 7z inaweka orodha yake mwishoni na haina vile vichwa vidogo vya kila faili, ukipoteza mkia wa 7z kuokoa ni kazi ngumu mno na mara nyingi mtu anakata tamaa. 7z ni nzuri, naitumia, lakini siyo fomati ya kumtumia mtu kwenye mtandao unaokatika katika.

Kwa watu wa visiwani wanaotuma kwa simu na mtandao unapanda na kushuka, gawa faili vipande vya MB 100 hivi kabla ya kutuma. Kikikatika kimoja unarudia hicho tu, hurudii GB nzima na bando linaisha bure.

"CRC failed" au "Data error": hapa tukae kidogo

Hii ndo dalili inayoeleweka vibaya kuliko zote. Programu ikifunga faili inapiga hesabu juu ya data yote na kuhifadhi namba moja, ikija kufungua inapiga hesabu ile ile upya, namba zisipolingana inalalamika. Kwenye zip hesabu hiyo inaitwa CRC-32. Kwa hiyo ujumbe wa CRC unakwambia kuna baiti zimebadilika, ila haukwambii zimebadilikia wapi. Inaweza ikawa faili lenyewe, flashi, waya wa USB, au RAM ya mashine yako, na watu wengi wanakimbilia kulaumu faili.

Anza hivi. Kopi faili kwenye diski ya ndani ya kompyuta, usifungulie kwenye flashi. Kisha bonyeza Test kwenye 7-Zip au WinRAR, hiyo inakagua tu bila kutoa kitu, irudie tena. Kama kila mara linagoma faili lile lile la ndani, mathalani picha ya 214, basi hiyo kopi imeumia. Kama safari hii inagoma ya 214 na safari inayofuata ya 87, au mara inapita mara inagoma, faili halina kosa, mashine yako ndo mgonjwa, na mara nyingi ni RAM. Windows ina kipimo chake, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, mashine itajiwasha upya na kupima, au tumia MemTest86 ukitaka kupima kwa kina. Mashine yenye RAM mbovu usiitumie kufunga chochote cha maana mpaka itengenezwe, kwa sababu itakuwa inafunga mafaili ambayo yameshaharibika na hutajua mpaka siku unayahitaji.

Ikiwa imeumia kopi yako tu na ya aliyekutumia ni nzima, mnaweza kuhakikisha kwa hashi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data yote ya faili. Kila mmoja afungue Command Prompt kwenye folda yenye faili aandike: certutil -hashfile jina.zip SHA256. Itatoka mistari ya herufi na namba, someaneni herufi chache za mwanzo na za mwisho kwa simu. Zikilingana mafaili yenu ni kitu kimoja na tatizo liko kwenye mashine, zikitofautiana kosa limetokea njiani.

Njiani mara nyingi ni flashi. Flashi feki zipo sana kwenye meza za barabarani, imeandikwa GB 512 na kompyuta nayo inasoma GB 512 kwa sababu kidhibiti cha ndani kimedanganywa, lakini chipu halisi ni ya GB 16 au 32. Unakopi video zote, inakubali, inaonyesha majina na saizi zote sawa kabisa, ila kila kilichozidi uwezo halisi hakijaandikwa popote au kimeandikwa juu ya vya mwanzo. Edita anafungua nyumbani anapata CRC kila kona na mpiga picha ameshafomati kadi. Hili linaniuma kwa sababu harusi hairudiwi. Flashi au kadi mpya ipime ikiwa tupu kabla hujaipa kazi ya mtu: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Zinaijaza yote halafu zinasoma kama kilichoandikwa ndo kinachosomeka. Inachukua muda, iache usiku.

Swali linalofuata ni kama kilichoumia kinarekebishika. Zip na 7z zenyewe hazina dawa ya ndani, zinajua kwamba zimeumia ila haziwezi kujitibu. Rar inaweza, ila kwa sharti kwamba aliyefunga aliweka tiki kwenye "Add recovery record". Hapo WinRAR inaongeza data ya ziada, kawaida ni asilimia 3 na unaweza kupandisha, na ikiumia sehemu isiyozidi kiwango hicho, Repair inaijenga upya ikarudi kama ilivyokuwa. Bila ile tiki, Repair inakupa kile kilichosalia tu. Tiki hiyo inawekwa wakati wa kufunga, ukiikumbuka baada ya ajali imeshachelewa.

Usiyependa kutumia rar una PAR2. Haya ni mafaili ya pembeni unayoyatengeneza kwa programu kama MultiPar, ni ya bure, unaichagua zip yako unasema nataka asilimia 10 ya ulinzi, inatoa mafaili madogo ya .par2 ambayo unayaweka pamoja na zip. Zip ikiumia, yanajazia pale palipoharibika. Yanafanya kazi na fomati yoyote. Kwa bakapu ya muda mrefu mi naona ni njia nzuri sana na inashangaza ni wachache wanaoijua.

Kuna kitu kingine cha kuelewa kuhusu 7z, kinaitwa solid. Ili faili liwe dogo, 7z inayabana mafaili mengi kwa pamoja kama mkondo mmoja badala ya kila moja peke yake, ni sawa na dagaa wote kuwekwa gunia moja, likilowana chini hakuna debe utakaloliuza kwa amani. Uharibifu ukitokea katikati ya bloku, yaani kundi moja lililobanwa pamoja, mafaili yanayofuata kwenye bloku hiyo yanaweza yasitoke kabisa hata kama yenyewe hayakuguswa. Zip haifanyi hivyo, kila faili linabanwa peke yake, moja likifa mengine yanatoka. Kwenye 7-Zip ukifunga picha au nyaraka za thamani, nenda kwenye Solid Block size uchague Non-solid. Utapoteza udogo kidogo na utapata usingizi.

Nafasi ipo kwenye flashi lakini faili linakataa kuingia

"The file is too large for the destination file system". Flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4 hata flashi ikiwa na GB 60 wazi. Hamisha vilivyomo, ifomati exFAT, au kama itachomekwa kwenye redio au TV ya zamani inayotaka FAT32 basi gawa faili vipande chini ya GB 4. Zip za zamani nazo zilikuwa na mpaka wa GB 4 na mafaili 65,535 ndani, baadaye ikaja ZIP64 ikaondoa mipaka hiyo, kwa hiyo zip kubwa ikigoma kwenye mashine ya kale na ikafunguka kwenye mpya, sababu ni hiyo.

Vipande vimekuja lakini havifunguki

.7z.001, .part1.rar, .z01. Lazima viwe vyote, folda moja, majina yasiyoguswa. WhatsApp au brauza ikikuta jina lipo inaongeza (1) mwishoni mwa jina na hapo programu haioni kipande. Fungua cha kwanza tu, vingine inavifuata yenyewe. Kwa zip iliyogawanywa kwa mtindo wa .z01, kipande chenye jina la .zip ndo cha mwisho na ndo chenye orodha, kisipokuwepo huendi popote, ila ndo unachobonyeza kufungua. Kipande kimoja kikikosekana usijaribu kubahatisha, omba kitumwe.

Pasiwedi ni sahihi lakini inakataa

Kwanza hakikisha Caps Lock, na kama pasiwedi ilitumwa kwa meseji angalia nafasi tupu mwishoni na herufi kubwa ambayo kibodi ya simu inaweka yenyewe mwanzo wa sentensi. Hiyo ya herufi kubwa ndo sababu ya kesi nyingi.

Ikiwa pasiwedi ni sahihi kabisa na Windows bado inagoma, tatizo ni aina ya ufungaji. Zip ina aina mbili za kufunga kwa pasiwedi: ile ya zamani inayoitwa ZipCrypto na mpya ya AES-256. Kifungulio cha ndani ya Windows kinaielewa ile ya zamani, AES kwa kawaida kinashindwa na kinakupa kosa lisiloeleweka. Fungua kwa 7-Zip, ambayo inazijua zote.

Hapo kuna mtego ambao napenda kila anayetunza data za watu aujue. ZipCrypto ni dhaifu, mtu akiwa na nakala ya faili moja tu kati ya yaliyomo anaweza kuvunja yote bila pasiwedi. Na ukitengeneza zip kwa 7-Zip, chaguo linalokuja lenyewe ni hiyo ZipCrypto, lazima wewe ubadilishe kwenda AES-256. Tena zip hata ikifungwa kwa AES, majina ya mafaili yanaonekana bila pasiwedi. Kama unabeba orodha ya wagonjwa au mishahara na jina la faili lenyewe linasema siri, tumia 7z au rar uweke tiki ya "Encrypt file names". Ukisahau pasiwedi ya AES-256 yenye maneno marefu, hakuna fundi wa kuitoa, anayekwambia anaweza kwa elfu ishirini anakula hela yako.

Kwangu linafunguka, kwa mwenzangu halifunguki

Umemtumia rar au 7z na yeye ana simu tu. Simu nyingi za Android na iPhone zinafungua zip bila kuongeza kitu, rar na 7z mara nyingi zinahitaji apu. Kwenye Android kuna ZArchiver, na kuna apu ya RAR kutoka kwa RARLAB wenyewe wenye WinRAR, zote zinafungua fomati zote tatu. Windows 11 ilianza kufungua rar na 7z yenyewe kwenye masasisho ya mwishoni mwa 2023, ila zenye pasiwedi inashindwa, na steshenari nyingi huku bado ziko Windows 10 au 7. Kwa hiyo ukimtumia mtu usiyemjua mashine yake, mtumie zip ya kawaida. Usimlazimishe mwalimu wa shule ya msingi Sengerema kutafuta programu ili asome barua.

Barua pepe nayo ina lake. Gmail haipitishi kiambatanisho kinachozidi MB 25, na inazuia .exe hata ukiificha ndani ya zip. Kubwa zaidi ya hapo weka kwenye Drive utume linki.

Majina yamekuwa alama za ajabu, au "path too long"

Sisi Waswahili hatuna herufi zenye alama juu kwa hiyo tunaponea, isipokuwa kwenye ng'. Ukiandika "Ng'ombe" kwenye Word ule mkato unageuka kuwa wa kupinda, ukikopi hilo jina likawa jina la faili, zip iliyotengenezwa na programu ya zamani isiyotumia UTF-8 (mpango wa kuandika herufi za lugha zote) italigeuza takataka upande wa pili. Tumia mkato ulionyooka au uache kabisa kwenye majina ya mafaili. Nukta mbili za saa kama 10:30 pia hazikubaliki kwenye Windows, faili kutoka Linux lenye jina hilo linaweza kugoma kutoka.

"Path too long" ni Windows kuhesabu folda zote na jina kwa pamoja, mpaka wa kawaida ni herufi 260. Toa zip yako kwenye C:\a badala ya Desktop ndani ya folda ndani ya folda.

Nimebana, saizi haijapungua, na mashine inahangi

JPEG, MP4, MP3, docx na PDF nyingi zimeshabanwa tayari. Ukizibana tena utapata asilimia moja mbili na kusubiri sana. Video za harusi usizibane, chagua Store ili zifungwe tu bila kubanwa, kazi inaenda haraka mara nyingi zaidi na hakuna hasara. Kinachopungua kweli ni maandishi, CSV, database na picha za BMP.

Kuhangi ni kwa sababu mtu kaweka kiwango cha kubana cha Ultra kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4. LZMA, njia ya kubana ya 7z, inakula RAM kama mara kumi na moja ya saizi ya dictionary (eneo la data inaloliangalia ikibana), kwa dictionary ya MB 64 ni karibu MB 700 hivi kwa kazi moja, na ukiongeza nyuzi nyingi (threads, kazi zinazoenda sambamba) inapanda. Rudi Normal.

Kabla ya kulaumu fomati, angalia programu

WinRAR na 7-Zip hazijisasishi zenyewe, ukiinstoli leo itakaa hivyo hivyo miaka. WinRAR zilizo chini ya 6.23 zina tundu lililotumiwa na wahalifu mwaka 2023, mtu anabonyeza picha ndani ya zip kumbe anawasha virusi, na 2025 likapatikana jingine ambalo lilizibwa kwenye 7.13. Fungua Help, About, usome namba. 7-Zip ichukue 7-zip.org, WinRAR ichukue rarlab.com, siyo kwenye flashi ya mtu. WinRAR ni ya kulipia, ina siku 40 za majaribio, wakati 7-Zip ni ya bure hata ofisini. Na uwashe kuonyesha mikia ya majina (zile .zip au .exe za mwishoni) kwenye Windows, maana faili linaloitwa Matokeo.rar.exe siyo rar, hilo ni programu na usilibonyeze.

Bado hujafunga? Basi chagua hivi

Unampa mtu: zip, bila mbwembwe. Unatuma kwa siri: 7z au zip yenye AES-256, pasiwedi ipite njia nyingine, faili kwa barua pepe na pasiwedi kwa kupiga simu. Unasafirisha kwenye flashi au kadi ya mashaka: rar yenye recovery record ya asilimia 5 hivi, au zip na PAR2 zake. Unatumia Linux na unataka ruhusa za mafaili zibaki zilivyo: tar.gz au tar.xz, hiyo ndo nyumbani kwake.

Unatunza miaka, kwa mfano katibu wa mwalo mwenye rekodi za sangara na dagaa za kila siku, mi nakushauri zip moja kwa kila mwezi badala ya faili moja kubwa linaloongezewa kila siku, kwa sababu faili linaloguswa kila siku ndo linaloumia umeme ukikatika. Weka kwenye hadidiski mbili zinazokaa nyumba tofauti, au moja ya hadidiski na moja ya mtandaoni. Flashi iwe ya kusafirishia tu, siyo ya kutunzia, chipu zake zikikaa miaka bila kuchomekwa zinaweza kupoteza data. Usitumie "Delete files after archiving" kabla hujabonyeza Test. Na Test peke yake inakagua faili kwenye mashine uliyofungia, kwa hiyo chukua kopi ile ya pili, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, toa mafaili yote, fungua Excel mbili tatu utazame kama tarehe na kilo zimo. Zikiwemo, futa chanzo ukitaka.